Usisubiri Dar es Salaam: ushauri kwa kijana wa Kyimo anayetaka uandishi wa uchunguzi

Godfrey Mwakikagile alisoma Shule ya Msingi Kyimbila, nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Kutoka hapo aliingia shule ya kati ya Mpuguso, ambako leo kuna chuo cha ualimu, kisha Songea Sekondari, kisha Tambaza. Mwaka 1969, akiwa bado kidato cha tano, alipata kazi ya uripota katika gazeti la Standard la Dar es Salaam. Waliompokea ni Waingereza wawili: Brendon Grimshaw, mhariri mtendaji, na David Martin, mhariri wa habari. Alipita JKT, akafanya kazi Wizara ya Habari na Utangazaji na katika gazeti hilohilo, ambalo mwaka 1972 lilikuwa limeshageuka Daily News chini ya uhariri wa Benjamin Mkapa. Novemba mwaka huo akaenda Marekani kusoma, akahitimu Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, mwaka 1975. Kitabu chake cha kwanza, kuhusu maendeleo ya uchumi wa Afrika, kilitoka mwaka 1999. Tangu hapo ameandika vingi, kimojawapo kikubwa juu ya Mwalimu Nyerere na zama zake.

Hesabu mwenyewe. Kati ya mwaka alioingia chumba cha habari na mwaka wa kitabu chake cha kwanza imepita miaka 30. Na huyo David Martin aliyempa nafasi aliripoti Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960 ndipo mwaka 1974 akachapisha kitabu chake juu ya Idi Amin. Naanza na watu hawa wawili kwa sababu vijana wengi wa huku kwetu wanaoniuliza habari za kazi hii wanauliza kwanza namna ya kufika Dar es Salaam, na wazazi wao wanauliza kama mtoto atakufa njaa au atauawa. Maswali yote hayo ni halali na nitayajibu. Lakini la kwanza kujua ni kwamba kazi hii inamtaka mtu anayeweza kukaa na jambo moja muda mrefu kuliko wenzake wote, na tabia hiyo hujengwa hapo ulipo sasa, Kyimo, wilayani Rungwe, kando ya barabara ya Tukuyu, kabla hujapanda basi lolote.

Ripota wa kila siku anaeleza kilichotokea. Mwandishi wa uchunguzi anatafuta jambo lililofichwa na mtu, au jambo lililo wazi ambalo hakuna aliyejipa kazi ya kulijumlisha. Watu hulifikiria lile la kwanza tu: kamera ya siri, mkoba wa fedha, waziri anayejiuzulu. Kwa kijana anayeanzia Kyimo lile la pili ndilo lenye mavuno, na ndilo shule bora.

Mlima Rungwe wenyewe una mfano wake. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani wa msituni waliyemwita kipunji. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika misitu ya mlima huo walisikia simulizi hizo, na wangeweza kuzipuuza kama hadithi za moto wa jioni. Hawakuzipuuza. Waliuliza tena na tena, wakaingia msituni, na mwaka 2003 wakamwona kwa macho yao. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa aina mpya ya nyani, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake yenyewe yenye jina la Rungwe. Tazama hatua zake: tetesi, maswali kwa wanaojua, kwenda kuona, ushahidi ambao mtu asiyekuamini anaweza kuukagua, ndipo kutangaza. Hakuna hatua ya kurukwa hapo. Magazeti yetu mengi huishia hatua ya kwanza na kuiita habari.

Sasa elimu. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilianzisha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kanuni zilizofuata mwaka 2017 zikataka mwandishi awe na angalau stashahada ya uandishi wa habari au ya fani inayohusiana nayo. Bila ithibati hupati kitambulisho cha kazi, na bila kitambulisho hicho kila mlango wa ofisi ya umma una sababu ya kufungwa usoni mwako. Kwa hiyo zile simulizi za kina Mwakikagile, za kuingia chumba cha habari ukiwa mwanafunzi na kupanda ngazi, msizitumie kuwakatisha watoto masomo. Zama zimebadilika.

Vyuo vipo. Shule ya Uandishi wa Habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mizizi katika chuo kilichoanzishwa na serikali mwaka 1975. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, kilitokana na kituo cha mafunzo cha Nyegezi na kimefundisha waandishi kwa vizazi kadhaa. Vipo vingine vya stashahada, vizuri na vibaya. Kabla ya kulipa ada, mzazi aulize mambo mawili tu: je, cheti hiki Bodi ya Ithibati inakitambua, na mwanafunzi anapelekwa wapi kwa mafunzo ya vitendo? Chuo kisichoweza kujibu swali la pili kwa kutaja majina ya redio na magazeti, mtoto asipelekwe.

Lakini nina maoni yangu, na nayasema wazi kwa kuwa yanapingana na yanayosemwa na wengi. Kama alama za mtoto zinaruhusu, asome kwanza shahada ya kitu kingine: uhasibu, sheria, uchumi kilimo, mipango ya ardhi, takwimu. Kisha aongeze stashahada ya uandishi juu yake. Namna ya kuandika habari inafundishika kwa muda mfupi. Namna ya kusoma mizania ya kampuni, mkataba wa ununuzi au hukumu ya mahakama inachukua miaka, na mwandishi asiyeweza kuzisoma atategemea daima mtu wa kumtafsiria, na mtu huyo ana maslahi yake. Ewe uliye kidato cha pili unayesema "mimi ni wa sanaa, hesabu siziwezi": rudi kwenye hesabu. Asilimia, wastani, uwiano na kuzidisha vipimo ndivyo vitakavyokulisha.

Na lugha. Kiswahili chako kiwe safi kiasi cha kumweleza bibi wa Ndanto jambo la fedha za halmashauri akalielewa mara moja. Kiingereza kiwe cha kutosha kusoma mikataba na ripoti, maana nyingi zimeandikwa hivyo. Kinyakyusa usikionee haya. Ni kitendea kazi. Monica na Godfrey Wilson, wanaanthropolojia, waliishi Rungwe miaka ya 1930 wakijifunza lugha na kuandika waliyoyasikia, na vitabu vilivyotokana na kukaa kwao bado vinasomwa vyuo vikuu vya dunia. Wao walikuja kutoka mbali wakaanza na salamu. Wewe umezaliwa nayo. Mama anayeuza ndizi barabarani atasema kwa Kinyakyusa jambo ambalo kwa Kiswahili angelifupisha kwa "hali si nzuri".

Wakati unasoma, au hata kabla, jitolee kwenye redio. Rungwe tunayo Chai FM. Redio ya jamii inakufundisha kutunza muda, kumhoji mzee bila kumkatiza, na kusimama tena sokoni kesho yake mbele ya watu uliowataja jana. Somo hilo la mwisho ripota wa Dar es Salaam halipati.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo pana utajiri.

Chukua viazi. Wilaya yetu inalima viazi mviringo kwa wingi, na gunia linalotoka shambani mara nyingi ni lumbesa, limejazwa hadi likashonewa kichwa juu. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Kila mtu anajua lumbesa ipo. Kwa hiyo habari inayosema wakulima wanalalamikia lumbesa si uchunguzi. Imeandikwa tangu baba yako akiwa kijana, na haijamsaidia mtu.

Uchunguzi unaanza siku unapopima. Tafuta mizani inayoaminika, uikague kwa kupima kitu ambacho uzito wake unajulikana. Pima magunia ya wakulima mbalimbali, siku mbalimbali, kabla hayajapakiwa. Kwenye daftari andika tarehe, mahali, uzito, bei aliyolipwa mkulima, nani alishona gunia, gari lilikwenda wapi. Piga picha ya mshale wa mizani pamoja na gunia. Usitegemee gunia moja zito lililokufurahisha. Likiwa la kipekee, sema ni la kipekee. Tuseme wastani umekuja kilo 130. Basi kila gunia mkulima ametoa kilo 30 bila malipo. Zidisha kwa magunia ya gari moja, kisha kwa magari ya msimu, na sasa una tarakimu ambayo haijawahi kusemwa na mtu yeyote hapa.

Halafu endelea, kwa sababu uzito ni mwanzo tu. Ushuru wa mazao unatozwa vipi getini: kwa gunia, kwa kilo au kwa thamani? Mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula. Je, risiti anayopewa dereva inasema uzito gani? Ikiwa lumbesa inahesabiwa kuwa gunia la kawaida, basi halmashauri nayo inapoteza, na hapo umepata watu wengine wa kuwauliza. Wakala wa Vipimo walipita lini, walitoza nani? Na swali gumu kuliko yote: kwa nini mkulima anakubali? Pengine dalali alimkopesha mbolea mwezi wa kupanda. Pengine hakuna mnunuzi mwingine na viazi vinaoza. Usiandike kabla hujalijibu hili, la sivyo utamfanya mkulima aonekane mjinga, na si mjinga. Panda gari ufuate mzigo mpaka sokoni Dar es Salaam, uone gunia linavyofunguliwa na kupangwa upya katika mafungu. Mwishowe mrudie dalali, mtendaji wa kijiji, halmashauri na Wakala wa Vipimo, kila mmoja umwoneshe tarakimu zako na kumpa muda wa kutosha kujibu. Dalali naye ana gharama zake, vizuizi barabarani, na hasara ya viazi vilivyooza njiani. Akikuonesha kwamba umekosea hesabu, amekuokoa na aibu ya kuchapisha kosa.

Ukifanya hilo moja tu kwa msimu mzima umeshasoma zaidi ya muhula mmoja chuoni. Na utaona kwamba hakuna mahali ulipohitaji kujificha au kudanganya jina lako.

Viazi havina nyaraka nyingi. Mambo mengine yanazo, na kijana asiyejua zilipo hutumia miaka akifukuzia watu wa kumnong'oneza. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na humo mapato na matumizi yasomwe. Hudhuria, andika, linganisha na uliyoandika robo iliyopita. Ndani ya mwaka mmoja utakuwa unajua fedha za kijiji kuliko wajumbe wengi wa serikali ya kijiji. Madarasa na zahanati zikijengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani bila kumpa mkandarasi kazi yote, pale pale shuleni kuna kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, na kila mfuko wa saruji uliopokelewa unapaswa kuwa na sahihi ya mtu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti zake mwishoni mwa Machi, nazo hufika Bungeni Aprili na kuwekwa hadharani. Waandishi hukimbilia ile ripoti kubwa ya Serikali Kuu. Wewe fungua ya serikali za mitaa, utafute Rungwe na Busokelo. Jifunze tofauti ya hati inayoridhisha, yenye shaka, isiyoridhisha na mbaya, na ujue kwamba hata halmashauri yenye hati inayoridhisha inaweza kuwa na hoja nzito kurasa za ndani.

Kampuni ikitajwa, nenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, utafute wamiliki wake. Mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, ambao jina lake linatokana na mto wetu, ulipobinafsishwa katikati ya miaka ya 2000, maswali yaliyotikisa magazeti na Bunge yalihusu hasa jambo hilo: nani wenye hisa. Majibu ya namna hiyo hukaa kwenye majalada ya usajili, yakimsubiri mtu wa kwenda kuyafungua. Hukumu za mahakama zinapatikana bure kwenye mtandao wa TanzLII. Na kama ofisi ina karatasi unayoihitaji, iombe kwa barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia, awe na kitambulisho cha habari au hana, haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Barua iwe fupi, itaje waraka mmoja mahususi na mwaka wake, igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala unayobaki nayo. Mara nyingi utajibiwa kwa kuchelewa au hutajibiwa. Barua hiyo yenye muhuri bado ina kazi: ndiyo ushahidi kwamba uliuliza.

Watu nao. Huku kwetu jina lako la ukoo likitajwa tu, mtu anajua wewe ni wa nani, kutoka kijiji gani, na nani amekuoa au umemuoa. Hiyo ni faida mpaka siku mwenyekiti wa kamati unayoichunguza anapokuwa baba yako mdogo. Hapo usijidanganye kwamba utaweza. Mwambie mhariri, habari apewe mwingine, nawe uchunguze ya kata nyingine. Na chanzo cha habari ukimwahidi kutomtaja, ahadi hiyo inapita hasira ya mhariri, inapita hata mapenzi ya mkeo au mumeo kutaka kujua. Katika kijiji chenye watu mia chache, kuficha jina hakutoshi. Ukisema "mjumbe mmoja mwanamke wa kamati ya manunuzi" na kamati ina mwanamke mmoja, umemtaja.

Nimefika kwenye swali la wazazi, na sitalipunguza uzito.

Daudi Mwangosi alikuwa mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari mkoani Iringa. Tarehe 2 Septemba 2012 aliuawa kijijini Nyololo, Mufindi, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kutoka karibu, polisi walipokuwa wakizuia shughuli ya chama cha siasa. Akazikwa kwao, wilayani Rungwe. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, ikamfunga miaka 15. Azory Gwanda, aliyeliandikia Mwananchi kutoka Kibiti katika kipindi cha mauaji ya Kibiti na Rufiji, alichukuliwa Novemba 2017 na hajaonekana tena. Erick Kabendera, aliyekuwa akiyaandikia magazeti makubwa ya nje, alikamatwa Julai 2019, akakaa rumande karibu miezi saba kwa mashtaka ya uhujumu uchumi yaliyohusisha kodi na utakatishaji fedha, mama yake akafariki yeye akiwa ndani. Aliachiwa Februari 2020 baada ya makubaliano na upande wa mashtaka, na baadaye akaandika kitabu juu ya aliyoyapitia.

Nawataja kwa heshima, na kwa sababu kila mmoja anatufundisha jambo la kufanya. Mwangosi hakuwa kwenye uchunguzi wa siri siku ile. Alikuwa akiripoti tukio la hadharani. Kwa hiyo penye askari na umati, simama pembeni, ujue njia ya kutokea, uvae kitu kinachokutambulisha kuwa mwandishi, usitenganishwe na wenzako. Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea katika mji mdogo. Ukiwa katika hali hiyo, awepo mtu mmoja, mhariri au mwandishi mwenzio, anayejua kila siku uko wapi na umekwenda kuonana na nani, na anayejua ampigie nani usipopiga simu saa mliyokubaliana. Mkasa wa Kabendera unamwambia kila mwandishi wa kujitegemea aweke TIN, mikataba, ankara na risiti za kodi mahali pamoja na salama tangu malipo ya kwanza, yawe madogo kiasi gani. Yeyote atakayetaka kukunyamazisha ataanza kwa kutafuta karatasi usiyokuwa nayo.

Kisha yupo Vicky Ntetema. Mwaka 2008, akiongoza ofisi ya BBC Dar es Salaam, alikwenda kwa waganga kanda ya Ziwa akijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, ili afichue biashara ya viungo vya watu wenye ualbino. Ilipotangazwa alitishiwa kuuawa, ikambidi ajifiche na kuondoka nchini kwa muda. Kazi yake ilisaidia kuifanya dunia isikie, na mwaka 2010 alipewa tuzo ya kimataifa ya ujasiri katika uandishi. Kujifanya mtu mwingine kulihalalishwa hapo na jambo lenyewe: watu walikuwa wakiuawa na hakuna njia nyingine ya kupata ushahidi. Kwa lumbesa njia hiyo haina uhalali. Na hata pale inapohalalika, haifanywi na mtu mmoja kwa uamuzi wake. Mhariri, mwanasheria na mpango wa kutoka viwepo kabla hujaingia. Shirika lisiloweza kukupa hivyo vitatu, likatalie kazi hiyo. Kukataa kwa sababu hiyo si woga.

Je, atakula nini? Kwa miaka ya mwanzo, kidogo. Mwandishi wa wilayani mara nyingi hulipwa kwa habari iliyotoka, na malipo hayalingani na nauli ya kwenda Mbeya na kurudi. Ndiyo maana bahasha za semina zina nguvu, na ndiyo maana nawaambia vijana wawe na shughuli nyingine halali: shamba la parachichi, kufundisha, kupiga picha za harusi. Mwandishi mwenye shamba lake anaweza kuikataa bahasha. Asiye na kitu atasema haibadilishi anachoandika, na kwa muda atakuwa mkweli. Mjue pia kwamba yapo mashirika yanayolipia uchunguzi mmojammoja kwa ruzuku, na Baraza la Habari Tanzania limekuwa likitoa tuzo za umahiri tangu mwishoni mwa miaka ya 2000. Hao wote huuliza kitu kimoja: umewahi kufanya nini mwenyewe, mpaka mwisho? Kijana mwenye kazi moja ya viazi iliyokamilika ana jibu.

Nimalizie na kitabu, kwa kuwa mnapenda kuniuliza. Kitabu cha uchunguzi si habari iliyorefushwa. Huzaliwa pale ambapo habari kadhaa ulizoandika kwa miaka zinaanza kuelekezana, na unagundua kwamba viazi, chai na parachichi vilikuwa na mtu yuleyule wa kati, au sheria ileile iliyoandikwa vibaya. Ili siku hiyo ikukute tayari, usitupe daftari hata moja. Liandike tarehe kwenye jalada, uzipige picha kurasa zake, nakala uziweke mahali pengine nje ya nyumba unayolala. Mahojiano ya sauti yape majina yanayoeleweka na tarehe, vinginevyo miaka kumi baadaye utakuwa na mamia ya mafaili usiyojua ni ya nani. Weka kando daftari moja la kalenda tu: mwaka, mwezi, nini kilitokea, nani alisema, waraka uko wapi. Mfuatano huo wa tarehe ndio utakaokuwa mifupa ya sura zako.

Wachapishaji wapo nyumbani. Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Walter Bgoya, imechapisha vitabu vya historia na siasa kwa miongo kadhaa. Bgoya huyohuyo ndiye aliyekuwa Tanzania Publishing House miaka ya 1970, nyumba iliyochapisha kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Usiwapelekee muswada wote kwa mara ya kwanza. Peleka muhtasari wa kurasa chache, sura mbili zilizosafishwa, na maelezo ya nyaraka ulizonazo. Mwanasheria asome kila jina la mtu kabla mchapishaji hajasoma, kwa sababu fidia ya kesi ya kashfa inaweza kumaliza mapato ya kitabu chote na shamba juu yake. Ukipewa mkataba, soma kipengele cha haki za tafsiri na cha nakala za mtandaoni, uulize haki zinakurudia lini kitabu kikiacha kuchapishwa, na usitie sahihi siku hiyohiyo uliyoletewa.